Uvimbe wa Kinena kwa Mama na Binti

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hulinyamazia. Liko mahali ambapo paja hukutana na tumbo. Mahali hapo huitwa kinena. Mtoto akivimba shavu, nyumba nzima hupata habari kabla ya jua kutua. Lakini akivimba kinena, hasa akiwa msichana, huenda hata mama yake mzazi asijue mpaka wiki imepita, au mwezi, au mwaka mzima.

Haya ni zawadi njema ya Mwenyezi Mungu. Inalinda heshima ya mwili, nasi twawafundisha watoto wetu kuitunza. Lakini Mungu hakutupa haya ili tufe nayo. Wazee walisema: mficha uchi hazai. Msomaji atakayefuata maneno yetu mpaka mwisho ataona kwamba katika ugonjwa huu methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

NGIRI SI YA WANAUME TU

Ukiuliza kijijini ngiri ni ugonjwa wa nani, utajibiwa mara moja: ni ugonjwa wa wanaume. Jibu hilo lina asili yake. Katika kila watu 10 wenye ngiri ya kinena, karibu 9 ni wanaume. Sababu yake ni hii: kabla mtoto wa kiume hajazaliwa, kende zake hushuka kutoka tumboni, zikapita katika njia iliyo kinenani. Njia hiyo hubaki pana kidogo na dhaifu, na baadaye utumbo waweza kupenya humo.

Mwanamke naye anayo njia hiyo, ila kwake ni nyembamba. Humo hupita kano ya mviringo, inayoanzia kando ya mji wa mimba na kuishia chini ya ngozi ya uke. Njia ikiwa nyembamba, ngiri huwa chache. Lakini mlango mdogo ni mlango vilevile. Na kwa kuwa watu wote wameshika neno kwamba ngiri ni ya wanaume, mwanamke akiipata hakuna anayeifikiria: si yeye mwenyewe, si mumewe, na mara nyingine si hata mwuguzi. Basi ugonjwa usiotazamiwa hupata nafasi ya kukua.

NGIRI YA PAJA

Chini kidogo ya njia tuliyoitaja iko njia nyingine, kandokando ya mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni. Utumbo ukipenya hapo, ugonjwa huitwa ngiri ya paja. Hiyo huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa akina mama waliokwisha kuzaa na wenye umri mkubwa. Si ngiri ya kila siku. Katika ngiri zote za kinena haifiki 1 katika 10. Uvimbe wake mara nyingi ni mdogo, kama ndimu changa. Kwanza hauumi. Mama huugusa anapooga, akasema moyoni: si kitu, ni tezi tu, utaondoka wenyewe.

Kumbe, katika ngiri zote za kinena, hiyo ndiyo yenye hila kupita nyingine. Mlango wake ni wa kubana. Utumbo ukiingia, waweza kukazwa kama shingo ya mfuko iliyofungwa kwa kamba. Damu haipiti tena, na sehemu iliyobanwa huanza kufa katika muda wa saa chache. Mwaka 1991 madaktari wa upasuaji wa Uingereza walitangaza hesabu waliyoifanya juu ya wagonjwa wao. Waliona kwamba, tangu siku uvimbe unapoonekana, ngiri za paja 22 katika 100 huweza kunyongwa kabla ya miezi 3 kwisha. Kwa ngiri nyingine ya kinena, ile iliyozoeleka kwa wanaume, hesabu hiyo haikufika 3 katika 100. Ndiyo maana daktari akimwona mwanamume mwenye ngiri isiyomsumbua aweza kumwambia angoje, lakini akimwona mama mwenye ngiri ya paja humwekea siku ya kupasuliwa bila kukawia.

Ni ishara gani za utumbo ulionyongwa? Uvimbe huwa mgumu na hauingii tena ndani mgonjwa akilala. Tumbo hujaa na kuuma kwa vipindi. Mgonjwa hutapika, hapati choo, wala upepo hautoki. Tena angalieni neno hili: yawezekana mama asisikie maumivu yoyote kinenani, akalalamika tumbo peke yake. Akificha habari ya ule uvimbe mdogo, mwuguzi ataweza kumpa dawa ya minyoo au ya malaria, huku utumbo ukiendelea kufa. Neno moja tu, «nina uvimbe hapa», laweza kuokoa maisha yake.

KWA MTOTO MCHANGA WA KIKE

Sasa tuje kwa watoto. Katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, alikuwako daktari na mwalimu wa elimu ya mwili, jina lake Anton Nuck, aliyezaliwa mwaka 1650 na kufariki mwaka 1692. Mwaka 1691 alieleza kifuko chembamba cha ngozi laini ya tumbo, kinachofuata ile kano ya mviringo mpaka kinenani. Hata leo madaktari hukiita kifuko cha Nuck. Kwa kawaida hufungika kabla ya kuzaliwa, au katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Lakini kwa watoto wachache, na hasa waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, hubaki wazi.

Kikibaki wazi, mambo mawili huweza kutokea. La kwanza, maji huingia na kukaa humo. Uvimbe huo ni laini au wa mviringo, hauumi, na mara nyingi haubadiliki mtoto akilia au akinyamaza. Wanaume wanao ugonjwa wa ndugu yake, uitwao busha; wengi hawajui kwamba msichana, hata mwanamke mzima, aweza kupata maji ya namna hiyo kinenani. Daktari huyatofautisha na ngiri kwa mashine ya ekografia, inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti bila kuumiza.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Badala ya maji au utumbo, kinachoingia katika kifuko ni ovari yenyewe, yaani kile kiungo kinachotunza mayai ya uzazi. Kwa watoto wachanga wa kike wenye ngiri ya kinena, ovari huonekana ndani yake kwa karibu mmoja katika 5 au 6. Mama anayemwogesha mwanawe huona kitu kidogo kama kokwa au punje ya haragwe, kinachochezacheza chini ya ngozi kando ya uke. Mtoto halii. Ananyonya vizuri. Basi mama hanena neno.

Lakini ovari iliyotoka mahali pake yaweza kujisokota juu ya shina lake, kama nguo ikamuliwayo. Damu ikikosa kupita, ovari hufa, nayo haioti tena. Msichana huyo atakua, ataolewa, na huenda atalaumiwa kwa kukosa watoto, wala hakuna atakayekumbuka ile punje ya haragwe iliyonyamaziwa alipokuwa bado mgongoni mwa mama yake. Hapo ndipo methali ya wazee inapotimia: mficha uchi hazai.

Basi, mama, ukiona kitu cha namna hiyo usikibonyeze wala usikisukume ndani kwa kidole. Usikifunge kwa sarafu na kitambaa, jinsi wengine wanavyofanya kwa kitovu. Mpeleke mtoto hospitalini katika siku zizo hizo. Na kama kimekuwa kigumu au chekundu, na mtoto analia asinyamazike au anatapika, usingoje hata kupambazuke. Upasuaji wenyewe kwa mikono iliyozoea si mkubwa. Kovu lake hufichika katika kunjo la ngozi.

UVIMBE USIOTAKA KISU

Si kila uvimbe wa kinena hupasuliwa. Mama mwenye mimba, hasa inapopita miezi ya katikati, aweza kuona uvimbe laini kinenani, unaojaa akisimama na kupungua akilala. Wote watasema: hii ni ngiri. Pengine ni mishipa ya damu inayofuata kano ya mviringo, imetanuka kwa sababu ya mimba. Ekografia yaweza kuonyesha damu ikitembea ndani yake. Mishipa hiyo hurudi hali yake baada ya kujifungua, nayo haihitaji kupasuliwa. Mama aliyekwenda kliniki na kusema atapata amani. Asiyesema atabeba mimba na hofu pamoja.

Uko tena uvimbe mwingine wa ajabu, unaofuata mwezi wa mwanamke. Siku za hedhi zikikaribia, huvimba na kuuma. Siku hizo zikipita, hutulia. Mara nyingi huwa upande wa kuume. Hilo ni tabaka la ndani la mji wa mimba lililoota mahali pasipo pake. Madaktari huuita ugonjwa huo endometriosi. Mwaka 1896 daktari Thomas Cullen wa Baltimore, nchi ya Marekani, aliandika juu ya uvimbe wa namna hiyo katika kano ya mviringo. Ni ugonjwa wa nadra, na wanawake wengi huzunguka nao miaka kabla haujatambuliwa. Dawa ya kwanza ya kuutambua si mashine. Ni mama mwenyewe kuhesabu siku zake na kusema: huniuma wakati huu, hauniumi wakati ule.

MITOKI NA SHAKA ZA WATU

Kinenani mna tezi nyingi ndogo. Zimewekwa kama askari wa mlangoni: hupokea uchafu wa magonjwa yatokayo miguuni, matakoni na katika viungo vya siri, zikapigana nao. Zikizidiwa huvimba, nasi husema mtu ameota mtoki. Mara nyingi asili yake ni ndogo: kidonda cha kisigino, funza aliyetolewa kwa pini chafu, mkwaruzo wa jembe. Mara nyingine asili yake ni kubwa zaidi: kifua kikuu, maradhi ya zinaa, na kwa nadra saratani. Tezi ngumu isiyouma, inayoendelea kukua kwa wiki nyingi, lazima ionyeshwe kwa daktari kuliko hata ile inayouma.

Hapa twataka kusema na wazazi kwa unyofu. Wasichana hawafichi mitoki kwa sababu ya haya tu. Huficha kwa sababu ya shaka zetu. Binti anajua kwamba akisema «nimevimba kinena», baba atauliza: umekuwa wapi, na nani? Jirani watanong'ona. Pengine atapigwa kabla hajatazamwa. Wazazi, mtoki si hati ya mashitaka. Kidonda cha mguu hutoa mtoki uleule kinenani kama ugonjwa wa zinaa, na hakuna mtu awezaye kuutofautisha kwa hasira. Tena hata kama binti amekosa, au kama mtu mwovu amemtenda jeuri, bado ni mgonjwa na bado ni mwanao. Kwanza atibiwe. Maonyo na hukumu vina saa yake.

MTOKI WA TAUNI

Katika nchi yetu ya Kongo uko mtoki mmoja ambao kuuficha siku mbili ni kuchezea kifo cha watu wengi. Ni mtoki wa tauni. Wengine hudhani tauni ni habari ya vitabu vya zamani vya Ulaya. Sivyo. Katika milima ya Ituri, karibu na Ziwa Albert, ugonjwa huo haujatoweka.

Mwezi wa Juni 2020, katika eneo la afya la Rethy, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa msichana wa miaka 12. Alifika kituo cha afya akiwa na homa, maumivu ya kichwa, kikohozi, na tezi iliyovimba. Alifariki siku ileile. Kufika tarehe 15 Julai wagonjwa 45 walikuwa wamehesabiwa, na 9 kati yao wamekufa.

Tauni huletwa na kijidudu ambacho Alexandre Yersin alikigundua mwaka 1894 katika mji wa Hong Kong, katika majimaji ya mitoki ya watu waliokufa. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond alionyesha katika mji wa Karachi kwamba viroboto ndio wanaokitoa kwa panya na kukipeleka kwengine. Kiroboto hurukia mguu kwanza. Ndiyo maana mtoki wa tauni huonekana kinenani mara nyingi kuliko kwapani au shingoni. Mwanamke anayelala chini na watoto wake karibu na chakula kilichowekwa akiba, na mtoto anayecheza sakafuni, wako karibu na viroboto hao kila siku.

Mtoki huo hutofautikaje na mingine? Huja kwa haraka, pamoja na homa kali, baridi ya mwili na udhaifu mkubwa, nao huuma sana hata mgonjwa hataki uguswe. Pasipo dawa, wagonjwa kati ya 30 na 60 katika 100 hufa. Lakini dawa ziko, wala si ngeni: streptomisini, jentamisini, doksisiklini na nyinginezo. Zikianza mapema, wengi hupona. Zikichelewa, kijidudu hupanda mapafuni, na hapo mgonjwa aweza kuwaambukiza wa nyumbani mwake kwa kukohoa tu. Kwa hiyo, mahali palipo na tauni, mkiona panya wamekufa ovyo nyumbani au ghalani, msiwashike kwa mikono. Na mtu akipata homa na mtoki, apelekwe kituoni siku hiyohiyo.

MAMBO YA KUTENDA NA YA KUACHA

Tukusanye sasa maneno yetu, ili hata watoto wa shule wayashike.

1. Usichanje uvimbe wa kinena kwa wembe, wala usimruhusu mtu auchanje. Ukiwa ngiri, wembe utakata utumbo. Ukiwa karibu na mshipa mkubwa, damu haitazuilika.

2. Usiukande kwa maji ya moto wala kuusukuma kwa nguvu. Utumbo uliobanwa waweza kupasuka.

3. Usitafute aliyekuroga. Wakati unaopotea kwa kumsaka mchawi ndio uleule ambao daktari angeutumia kukuponya.

4. Nenda hospitalini siku hiyohiyo, hata usiku, kama uvimbe umekuwa mgumu na wa kuuma, kama kuna kutapika, tumbo kujaa au choo kukatika. Kama mtoto mchanga analia bila kunyamaza. Au kama kuna homa kali pamoja na mtoki.

5. Nenda kliniki katika wiki hiyohiyo kwa uvimbe mwingine wowote wa kinena, hata usiouma.

6. Mweleze mwuguzi mambo matano: umeanza lini, huondoka ukilala au haundoki, huuma siku za hedhi au siku zote, kuna kidonda mguuni au hapana, una mimba au huna. Maneno hayo humsaidia sana kujua atafute nini.

7. Mwanamke anayo haki ya kuomba kwa heshima atazamwe na mwuguzi wa kike au Sista, au mama yake asimame karibu naye. Kuomba hivyo si ukaidi. Lakini kama hayupo mwanamke, na hatari iko, mkubali daktari aliyeko. Ameapa kutunza siri za wagonjwa.

Nanyi walimu, msichana akiomba ruhusa kwenda kumwona mwuguzi, wala hataki kutaja sababu mbele ya darasa, msimlazimishe kusema. Mpeni ruhusa.

Injili yatusimulia habari za mama aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuja kwa nyuma, katikati ya umati wa watu, kwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa wa aibu machoni pao. Bwana wetu Yezu Kristu hakumkemea, wala hakumwuliza amefanya dhambi gani. Alimwita binti, akampa ruhusa kwenda zake kwa amani. Basi na katika nyumba zetu iwe hivyo. Kila mama amweleze binti yake leo, kabla uvimbe wowote haujatokea: mwili wako ni kazi ya Mungu, wala hakuna sehemu yake ambayo huwezi kuniambia ikiuma. Na kila baba aahidi kwamba siku hiyo ikifika, neno lake la kwanza litakuwa: twende hospitalini.